Mavazi 34, wiki tano, mwongozaji anataka kila kitu kwenye skrini: nichore kwa brashi au kwa tableti?

Rangi_ya_Maji

Habari zenu wanajukwaa. Nabuni maleba, huu ni mwaka wa kumi na moja, na muda wote huo nimechora kwa mkono. Naomba mawazo, hasa ya walioko chumba cha kushonea na walioko kwenye mandhari ya jukwaa, kwa sababu nyinyi ndio mnaopokea michoro yetu na kubaki nayo.

Nieleze kwanza ninavyofanya kazi. Nasoma tamthilia mara tatu, ya kwanza bila kushika penseli. Baada ya hapo nachora vijichoro vya urefu wa kidole, kurasa kwa kurasa, mpaka mhusika aanze kusimama kwa namna yake mwenyewe. Kinachonishika nakikuza, kisha nakihamisha juu ya meza ya mwanga hadi kwenye karatasi ya gramu 300 niliyoilowesha na kuibana ubaoni kwa utepe tangu usiku, ili isijikunje maji yakiingia. Halafu rangi ya maji, nyepesi kwanza, nzito baadaye, na mwisho gwashi nyeupe, ile rangi nzito ya maji isiyopitisha mwanga, pale mwanga unapogonga. Pembeni nabana sampuli za kitambaa. Mchoro mmoja unanila saa nne mpaka sita.

Kazi iliyo mezani sasa ni ya mfalme, jamaa zake na askari wake: mavazi 34, na wiki tano kabla mkasi haujagusa kitambaa. Mwongozaji yuko mbali, tunaonana kwa video tu. Joho la mfalme ameshalibadilisha rangi mara mbili: lilianza zambarau, likawa jekundu la damu iliyokauka, na sasa anataka jeusi lenye bitana ya kijani. Simlaumu, anatafuta, na kutafuta ndiyo kazi yake. Ila kwangu kila badiliko ni karatasi mpya na siku imekwenda. Mbunifu wa mandhari naye anafanya kila kitu kwenye Blender, programu ya picha za pande tatu, na ameniomba wahusika wangu ili awasimamishe ndani ya picha zake.

Nikaazima tableti wiki nzima nikajaribu. Rangi ya joho niliibadilisha kwa dakika mbili, mwongozaji akafurahi, nami nikafurahi. Lakini mahameli ilitoka kama plastiki. Zambarau iliyokuwa inawaka kwenye skrini ilitoka kwenye printa ikiwa bluu iliyochoka. Na kufika mhusika wa tisa nikagundua wote wanasimama sawasawa, kwa sababu nilikuwa nanakili mwili mmoja na kuuvika nguo.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu kumweleza mtu asiyeshika brashi. Katika kazi iliyopita nilikuwa namchora mke mdogo wa tajiri. Maji yakavuka mstari wa penseli pale kwenye mkono wa nguo, yakateremka mpaka karibu na miguu. Nilishachukua kitambaa niyafyonze, nikasita, nikayaacha. Mkono ule wa nguo ukawa mrefu mpaka sakafuni, ukashonwa hivyohivyo, na mwigizaji akautumia mazoezi yote: kila mhusika wake aliposema uongo, aliuviringisha kwenye kiganja. Sikuwa nimepanga. Maji yalitangulia, mimi nikafuata. Kwenye tableti wiki nzima hakuna kitu hata kimoja kilichonitangulia.

Kwa hiyo nauliza: kuna njia ya kuchanganya bila kupoteza pande zote mbili? Na nyinyi mafundi, mchoro wa aina gani unawasaidia kweli mnapoanza kazi?

---

Leya_Saba

Dada, nianze na mahameli maana hilo linatibika leo. Inatoka plastiki kwa sababu umeweka mwanga katikati ya mkunjo. Satini ndiyo inayong'aa mgongoni mwa mkunjo, tena kwa mpaka mkali. Mahameli ina vinyweleo vilivyosimama. Sehemu inayokutazama uso kwa uso humeza mwanga, na mng'ao hukaa ukingoni, pale kitambaa kinapogeuka kwenda nyuma. Weka giza katikati na mwanga mwembamba kando. Mkono wako unalijua hili ukiwa na brashi ya kweli, lakini ile brashi laini ya duara inayokuja na programu hugeuza kila kitu kuwa mpira. Tumia iliyo kavu, yenye chembe.

Kuhusu kuchanganya, mimi huanza kwa penseli kwenye karatasi, kila mwigizaji kwa mwili wake, nikitazama picha alizopigwa siku ya vipimo. Hiyo pekee ingewaokoa wahusika wako tisa. Naskani kwa nukta 600 kwa inchi, naiweka penseli kwenye leya, yaani tabaka, ya juu kabisa katika hali ya kuzidisha, ile inayofanya weupe wa karatasi upotee na mistari ibaki. Rangi zinakaa chini yake.

Na sasa hapa ndipo nafikiri utapata unachokililia: chukua karatasi yako ya gramu 300, paka mpako wa rangi ya maji usio na umbo lolote. Uache utiririke unavyotaka. Paka kumi, ishirini, kijivu tu. Ziskani zote. Kisha chagua mpako mmoja na uuingize ndani ya umbo la joho. Madoa, kingo zilizokauka, chembe za rangi zilizotulia kwenye mashimo ya karatasi, vyote vinaingia. Mwongozaji akibadili mawazo, unageuza rangi ya leya moja na maji yanabaki maji.

Zambarau haikuwa kosa lako. Skrini hutoa mwanga, wino huunyonya. Zipo zambarau na kijani zinazoonekana kwenye skrini ambazo printa ya wino nne haiwezi kuzitoa kabisa. Photoshop ina namna ya kukuonyesha mapema rangi zitakavyotoka kwenye karatasi, iwashe tangu mwanzo wa kazi. Na anza na turubai kubwa: A3 kwa nukta 300 ni pikseli 3508 kwa 4961.

Dhahabu usiiskani. Rangi ya dhahabu huishi kwa kubadilika pembe ya mwanga, na taa ya skana inapiga kwa pembe moja tu, kwa hiyo hutoka kahawia ya matope. Iache wazi, ipake kwa mkono juu ya nakala iliyochapwa.

---

Mkasi_Mrefu

Mimi ni fundi mkataji. Sichori. Miaka ishirini na sita nimekata nguo za jukwaani kutokana na michoro ya watu wengine, kwa hiyo nasema nikiwa upande wa pili wa karatasi.

Mchoro ukifika mezani kwangu sitazami uso. Natazama bega. Mshono wa bega umekaa juu kabisa au umeteremka nyuma? Mkono wa nguo umeingilia wapi? Kisha kiuno: ni kiuno cha mwili, au kimepandishwa chini ya kifua, au kimeshushwa kwenye nyonga? Kisha pindo, linaishia wapi na linaning'inia vipi, maana hapo ndipo nitajua kitambaa kikatwe wima au mshazari. Haya yakiwepo, hata ukichora kwa mkaa juu ya karatasi ya kufungashia, nguo nitaikata. Yasipokuwepo nitakupigia simu. Usipopokea nitakisia, na makisio yangu ndiyo yatakayopanda jukwaani.

Nimewahi kupokea mchoro wa rangi ya maji ambao chumba kizima kilisimamisha cherehani kuja kuutazama. Gauni lilikuwa limeyeyuka kuanzia magotini, limeingia kwenye ukungu wa samawati. Nikamuuliza mbunifu, huku chini kuna nini? Akanijibu, huko chini ni huzuni yake. Nilimwelewa, kwa sababu tamthilia nilikuwa nimeisoma. Tukakaa wawili saa nzima tukining'iniza shifoni za aina nne kwenye sanamu ya kushonea, moja baada ya nyingine, mpaka tukaipata iliyokuwa inapotea mwishoni kama ule mpako wake. Ilikuwa saa nzuri, mpaka leo naikumbuka. Lakini lile lilikuwa gauni moja. Wewe una mavazi 34.

Kompyuta nayo imeniletea shida ambayo karatasi haijawahi kuniletea. Kazi moja yalikuja makoti sita ya askari, ya vifungo safu mbili. Michoro safi, mistari imenyooka, kila kifungo mahali pake. Mbunifu alikuwa amechora askari mmoja vizuri, kisha akawanakili, na watatu akawapindua kama kwenye kioo ili ukurasani watazamane. Kwa macho walipendeza. Mimi nikakata nilichokiona: makoti matatu yanafungwa upande huu, matatu upande ule. Siku ya kujaribisha, askari sita waliposimama mstari mmoja, watatu walionekana wa jeshi la nchi nyingine. Tukafumua mbele za makoti matatu na kukata upya, na mbunifu mwenyewe alikaa nasi mpaka usiku akishona vifungo. Tangu siku hiyo, mchoro wa kompyuta ukinifikia, jambo la kwanza ni kuuliza: huyu amepinduliwa? Mwandikie fundi wako, hata kwa penseli pembeni, koti linafungwa wapi.

Jingine ni vichwa. Wachoraji wa mitindo huchora mwili wa vichwa tisa. Mtu mzima wa kawaida ana vichwa saba na nusu hivi. Mkanda mpana uliokaa vizuri kwenye vichwa tisa, ukiuleta kwa mwigizaji mfupi unamkata katikati. Leya_Saba amesema vizuri: mchore aliyepo. Kama ana tumbo, chora tumbo. Kama bega moja liko chini, lichore liko chini, nami nitajua mapema kwamba joho litateleza upande huo.

Sampuli ya kitambaa sina mjadala nayo. Skrini hainiambii uzito, wala mchoro hauniambii. Nakikunja kipande kwenye ngumi, nahesabu mpaka kumi, naachia. Kitani kinabaki na kila alama ya vidole. Sufu nzuri inafunguka taratibu yenyewe. Hariri nyepesi unaisikia kabla hujaiona. Hapo ndipo najua mfalme akiketi kitini kisha akasimama, mgongo wake utakuwaje mbele ya watu.

Watu humtaja Léon Bakst, mbunifu wa maleba wa zamani, kama mfano wa mchoraji asiyefungwa na fundi, na ni kweli michoro yake ya baleti ya Schéhérazade ya 1910 inacheza yenyewe ukutani. Lakini nimezitazama kwa karibu picha za nguo za Ballets Russes, kundi la baleti alilolibunia, zilizobaki kwenye makumbusho. Mapambo mengi yamepakwa rangi juu ya kitambaa, mengine yamegongwa kwa kiolezo, mengine ni vipande vilivyobandikwa na kushonewa. Ukirudi kwenye michoro yake unaona fundi alipata wapi: duara, mstari, pembe tatu, vyote vinahesabika. Mwili unaruka, lakini pambo limekaa wazi. Sioni mahali ambapo uhuru wake ulimnyima fundi kitu.

Ombi langu kwako, dada: tuchoree mgongo. Michoro kumi ikija, minane haina mgongo, na mwigizaji anaupa ukumbi mgongo nusu ya onyesho. Mistari mitupu, mbele na nyuma, bila rangi, mishono yote ionekane. Hiyo ifanye kwenye tableti, na huko ruhusa kunakili na kupindua, mradi uandike.

---

Rangi_ya_Maji

Fundi, shikamoo. Nimerudi kwenye michoro yangu tisa iliyokamilika nikaihesabu. Mgongo hakuna hata mmoja. Na mfalme anaanza tamthilia akiwa ameupa ukumbi mgongo, dakika nzima, hasemi kitu. Nimekaa nao usiku kucha huo mgongo.

Leya_Saba, nimepaka mipako kumi na miwili ya kijivu. Asante. Nitarudi kueleza.

---

NdooYaRangi

Mimi napaka mandhari. Naomba niongeze la upande wetu kwa sababu naona wabunifu wa mavazi na wa jukwaa wanatumia neno "mchoro" kwa vitu viwili tofauti, na ugomvi wa mkono na kompyuta nusu yake unatoka hapo.

Kuna picha ya jukwaa: inaonyesha saa fulani ya onyesho, taa zimewaka, mtu amesimama. Hiyo ni ya kumshawishi mwongozaji na kumpa mtu wa taa njia. Halafu kuna mchoro wa rangi kwa kipimo: ukuta uleule, bapa, hauna kivuli cha taa wala mtu, rangi ni ileile itakayopakwa. Huo ndio wangu. Napiga miraba juu yake, napiga miraba juu ya turubai kubwa sakafuni, na kuhamisha mraba kwa mraba. Ukinipa picha ya jukwaa nikaipaka ilivyo, nitakuwa nimepaka na mwanga wako pia. Taa za kweli zikiwaka juu yake, mandhari ina jua mbili.

Hii kazi ni ya zamani. Inigo Jones alibuni maonyesho ya ngoma za ikulu Uingereza kuanzia 1605, na michoro yake zaidi ya 400 imehifadhiwa mpaka leo, mingi ikiwa kwenye jumba la Chatsworth hukohuko Uingereza. Baadhi ya ile ya mandhari imepigwa miraba na ina matone ya rangi ya wapakaji. Nilipoona picha ya matone yale nilifurahi kuliko nilivyofurahia mchoro wenyewe. Mtu alisimama na ndoo juu ya karatasi ile, kama mimi.

Sasa kuhusu mwanga. Jo Mielziner alikuwa anabuni mandhari na taa pia, ndiyo maana picha zake za rangi ya maji za tamthilia ya Death of a Salesman, ya 1949, zina mwanga uliofikiriwa mpaka mwisho. Nyumba ni fremu tu, majengo yanaiangalia kwa juu, na mhusika akirudi zamani, majani yanatupwa kwa projekta juu ya yote na nyumba inapotea ndani yake. Rangi ya maji ilimfaa kwa sababu jukwaa lenyewe lilikuwa na vitu vya kuona ndani kupitia nje. Adolphe Appia, mbunifu mwingine wa jukwaa, alitumia mkaa kwa sababu kama hiyohiyo: michoro yake ya ngazi na kuta tupu ya mwaka 1909 na 1910 haina karibu kitu kingine zaidi ya mwanga unaopungua taratibu, na mkaa hupungua taratibu kuliko chochote. Kwa hiyo mimi nikimwona mtu anachagua kifaa, namuuliza jukwaa lake limetengenezwa na nini.

Dada, joho lako jeusi lenye bitana ya kijani linanipa wasiwasi, na hakuna mchoro utakaokuambia, wa mkono wala wa Blender. Chukua sampuli ya bitana, ingia chumba chenye giza, iweke chini ya taa yenye kichujio kile mtu wa taa anachopanga kutumia kwenye tukio hilo. Kijani chini ya mwanga mwekundu huwa karibu nyeusi. Pia jua taa za zamani za nyuzi za tangsteni zina joto la rangi kama kelvini 3200, zinalea nyekundu na njano, wakati taa za LED zina mapengo katika rangi zake. Vitambaa viwili vinavyofanana dirishani vinaweza kuachana kabisa chini ya LED. Nimeona mikono ya koti na kiwiliwili chake vikiachana namna hiyo, na kitambaa kilitoka majora mawili tofauti.

La mwisho, wahusika wako kuingia kwenye picha za mwenzako. Kubalianeni kipimo kabla hujamtumia chochote. Wengi hufanya kazi kwa 1:25, wale wa futi na inchi hutumia nusu inchi kwa futi, yaani 1:24, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ukuta wa mita 10 uliotengenezwa kwa 1:24, ukipimwa kwa rula ya 1:25, unasomeka karibu mita 10.42. Sentimita arobaini za ukuta ambazo hakuna aliyezitaka. Mtu wa mita 1.75 kwenye 1:25 ni sentimita saba kamili, kwa hiyo wachape wahusika wako kwa urefu halisi wa kila mwigizaji, uwabandike kwenye kadi, uwasimamishe kwenye modeli kama ipo. Edward Gordon Craig, mwongozaji na mbunifu wa jukwaa, alipokuwa anaandaa Hamlet ya Moscow ya 1912 alichonga watu bapa wa mbao awasogeze kwenye modeli yake, na baadaye akawapaka wino na kuwachapa kama picha. Mtu wa sentimita saba anayeweza kusogezwa kwa kidole anakufundisha haraka kama joho litapita mlangoni.

---

Nukta_kwa_Nukta

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini naona tunazunguka. Siku hizi unachora kiolezo cha kukatia nguo ndani ya CLO, programu ya kushona nguo kwenye kompyuta, unaweka unene na ulaini wa kitambaa, unakishona hapohapo kwenye mwili wa mwigizaji, unamtembeza. Mgongo upo, mbele ipo, fundi anapata kiolezo kilichopimwa, Blender inapokea faili moja kwa moja. Mwongozaji abadilishe rangi mara kumi. Rangi ya maji ibaki kwa raha ya mtu. Kuna wabunifu waliokwisha kuacha karatasi kabisa na nguo zao zinapendeza.

---

Mkasi_Mrefu

Ndugu yangu, CLO ninaitumia, na sketi ya marinda ikinijia kutoka huko nashukuru, inanipunguzia marekani ya kujaribia. Lakini ili ukitengeneze kitambaa mle ndani lazima uwe umeshaamua vazi ni lipi. Lazima useme bega liko wapi, mkono una urefu gani, kitambaa kina uzito gani. Wiki ya kwanza mbunifu hajui, na hatakiwi kujua. Mkono ule wa nguo uliofika sakafuni, wa kule juu alikosimulia dada, ungetoka wapi? Hakuna anayeandika urefu wa sentimita 140 kwenye kisanduku kwa bahati.

Mwanzoni namtaka mbunifu mwenye mkono unaotangatanga. Mwishoni namtaka mbunifu mwenye vipimo. Akinipa vipimo wiki ya kwanza, najua aliacha kutafuta mapema.

---

Nukta_kwa_Nukta

Hilo la wiki ya kwanza nakubali, fundi. Mimi huanza na vijichoro pia, ila kwenye simu, ndiyo maana sikuvihesabu.

---

Rangi_ya_Maji

Nimerudi kama nilivyoahidi. Zimebaki siku nne kabla ya kukata, na hivi ndivyo ilivyokwenda.

Vijichoro vyote vimebaki vya penseli. Wahusika wanane wakubwa nimewachora kwa rangi ya maji kwenye karatasi, kama zamani, lakini tu baada ya mwongozaji kukubali rangi kwenye nakala ya tableti. Mpangilio huo peke yake umeniokoa karatasi sijui ngapi. Waliobaki ni penseli yangu, iliyoskaniwa, na mipako yangu ya kijivu ndani yake. Nilipomwonyesha mwenzangu ninayefanya naye kazi miaka yote, alinyoosha kidole kwenye askari mmoja akasema huyu ni wa mkono. Hakuwa wa mkono. Nilifurahi, sitaficha. Mpako namba saba, ule uliomwagikia kona na kukauka kwa ukingo mweusi, ndio umekuwa pindo la mama yake mfalme: tumemwekea utepe mzito uliochomwa kingo, kwa sababu tu doa lilikaa hivyo.

Wote 34 wana ukurasa wa mistari, mbele na nyuma. Pembeni ya kila koti nimeandika linafungwa upande gani. Fundi wetu aliusoma ukurasa wa kwanza akaupindua, akaona mgongo, akanitazama, akaendelea kusoma bila kusema neno.

Mgongo wa mfalme umenichukua siku mbili. Mwanzoni niliuweka tarizi ya dhahabu kutoka bega hadi bega. Kisha nikakumbuka ndiye anayetazamwa dakika nzima hasemi kitu, nikaondoa yote. Umebaki mshono mmoja wa katikati, umeshonwa kwa nje, kama kovu. Mishono mingine yote ya joho imefichwa.

Bitana ya kijani niliipeleka chumba cha giza. NdooYaRangi, ulijua. Tukio ambalo mfalme analifungua joho ni lilelile mtu wa taa analotaka jekundu, na kijani kilizimika kabisa, kikawa sawa na lile jeusi la nje. Nilipiga picha kwa simu nikamtumia mwongozaji, akasema simu inadanganya. Sikubishana. Nikakata sampuli tatu za bitana, kijani, shaba na nyeupe iliyofifia, nikaongeza kipande cha mahameli nyeusi, nikazitia kwenye bahasha na kichujio chenyewe cha taa, nikamtumia.

Jana tulionana kwa video. Alikuwa amezima taa za chumbani kwake, ameshika tochi, kile kichujio amekifunga mbele yake kwa mpira. Alipitisha sampuli moja moja. Kwenye kijani alinyamaza. Kwenye shaba alisogeza tochi karibu, kisha mbali, kisha karibu tena. Halafu akaiweka tochi chini, akachukua mahameli, akaikunja kwenye ngumi karibu na kamera, nikamsikia anahesabu.